Maswali ya Wasomaji: Busan kwa Mtu Aliyezaliwa Pwani ya Kusini

Toleo lililopita la safu hii lilieleza namna ya kuomba nafasi za masomo nchini Korea Kusini. Tangu hapo barua zinazotufikia, kutoka Mtwara mjini hadi Kilwa Masoko, zimekuwa zikiuliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mtu akishafika Busan, mji wa bandari ulioko kusini-mashariki mwa nchi hiyo, aende kutazama nini? Kwa kuwa niliishi Busan kwa miaka miwili kabla ya kurudi nyumbani Mikindani, nimeona ni wajibu wangu kujibu mwenyewe. Nimechagua barua nne, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu jibu lake linawagusa wengine wote.

Ndugu Mhariri, mimi ni ofisa uvuvi hapa Mtwara. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya pili mjini Busan kwa mwaka mmoja na nusu, na nitaondoka mwezi Agosti. Wenzangu waliotangulia wananiambia kwamba Busan ni ufuko wa Haeundae na maduka makubwa, na kwamba mengine yote ni kupoteza muda. Nitakuwa huru Jumamosi na Jumapili tu. Nianzie wapi, na kipi kinamfaa mtu ambaye kazi yake ni bahari? — Msomaji, Shangani, Mtwara

Ndugu yangu wa Shangani, hongera kwa nafasi uliyoipata. Wenzako hawakukudanganya kuhusu Haeundae, kwa maana ufuko huo ni mzuri, una mchanga wa urefu wa kilomita moja na nusu hivi, na jina lake lina historia: mwanachuoni Choe Chiwon wa ufalme wa Silla aliupenda, nao ukaitwa kwa lakabu yake, Haeun. Lakini mtu aliyekulia karibu na Msimbati hahitaji kwenda Korea kuona mchanga mweupe, na siku za joto kali utakuta miavuli imepangwa pale hata maji huyaoni. Ushauri wangu ni kwamba Jumamosi yako ya kwanza uende sokoni.

Soko la Jagalchi ndilo soko maarufu kuliko yote ya samaki nchini Korea Kusini, na unalifikia kwa treni ya chini ya ardhi, njia ya kwanza, katika kituo chenye jina hilohilo. Wenye soko ni wanawake. Utawaona wamevaa mabuti na aproni za mpira, wamekaa nyuma ya mabeseni yenye ngisi, kaa, majongoo bahari na pweza walio hai, na juu ya mlango kumeandikwa maneno ya lahaja ya Busan, «oiso, boiso, saiso», yaani njoo, tazama, nunua. Mchuuzi wa makamo utamwita «imo», neno ambalo maana yake halisi ni mama mdogo, dada yake mama. Mimi nililijua neno hilo mapema, na milango mingi ilifunguka kwa ajili yake, kwa sababu mtu aliyetoka kwenye jamii ya kumwita kila mtu mzima kwa jina la undugu halimshindi kulitamka kwa moyo. Samaki utamchagua chini, kisha wapishi wa ghorofa ya juu watakuandalia kwa malipo kidogo. Usiende Jumanne bila kuuliza kwanza, kwa kuwa jengo kuu hufungwa baadhi ya Jumanne za mwezi.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa uvuvi, usiishie hapo. Si mbali na Jagalchi kuna soko la jumla la ushirika wa wavuvi, ambako mnada huanza alfajiri na ambako sehemu kubwa ya godeungeo wa nchi nzima huuzwa. Godeungeo ni jamaa wa vibua wetu, na Busan imemtangaza rasmi kuwa samaki wa mji. Omba chuo chako kikuombee ruhusa ya kuingia kabla ya mnada kuanza. Kwa mtu aliyezoea mnada wa feri ya Mtwara, ambako mzigo huuzwa kwa sauti na kila mtu anamsikia mwenzake, ni somo kubwa kuona wanunuzi wakitaja bei kwa ishara za vidole huku dalali akizisoma kwa kasi isiyosadikika.

Ukitoka sokoni, tembea hadi daraja la Yeongdo. Lilifunguliwa mwaka 1934 kuunganisha bara na kisiwa cha Yeongdo, na sehemu yake moja huinuka ili vyombo vipite. Liliacha kuinuliwa mwaka 1966, likatengenezwa upya, na tangu 2013 linainuliwa tena. Mara ya mwisho nilipofuatilia, ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, lakini thibitisha ratiba kabla hujatoka. Wengi huliangalia kama mchezo wa mitambo, na hapo ndipo wanapolikosa. Vita vya Korea vilipoanza tarehe 25 Juni 1950, majeshi ya kaskazini yalishuka upesi hadi Busan ikabaki miongoni mwa miji michache ambayo haikutekwa, na kwa muda mrefu wa vita hivyo ilikuwa makao makuu ya muda ya serikali. Desemba mwaka huohuo raia wapatao 100,000 walihamishwa kwa meli kutoka bandari ya Hungnam, kaskazini, wakaletwa pwani hii. Familia zilizopotezana njiani zilikuwa zimeagana zikutane kwenye daraja la Yeongdo, kwa sababu hilo ndilo jina pekee la Busan ambalo kila mtu alilijua. Watu walisimama pale siku baada ya siku wakiwasubiri ndugu, na chini ya daraja wakajaa wapiga ramli waliolipwa kuwaambia kama waliopotea wangali hai. Wazee wetu wa Newala na Tandahimba, walioona watu wa Msumbiji wakivuka Ruvuma na watoto mgongoni katika miaka ya 1960, wangelielewa daraja hilo bila kufasiriwa.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba Busan isomwe kuanzia kwa wakimbizi. Ukilishika jambo hilo, kila kitu kingine kinaeleweka: kwa nini nyumba zimepanda milimani, kwa nini tambi za baridi za Busan, milmyeon, ni za unga wa ngano wakati kaskazini zilikuwa za nafaka nyingine iitwayo memil. Wakimbizi hawakuipata memil, wakatumia unga wa msaada. Kwa nini soko la Gukje, lililo jirani na Jagalchi, lina vichochoro vingi hivyo? Kwa sababu lilikua kutokana na watu waliouza chochote walichobeba pamoja na bidhaa zilizotoka kwenye kambi za majeshi.

Jumamosi ya pili, basi, panda Gamcheon. Kijiji hiki kiko kwenye mteremko mkali, na nyumba zake zimejengwa kwa ngazi, moja juu ya nyingine, kwa namna ambayo hakuna nyumba inayoiziba ya nyuma yake. Wafuasi wa dini ya Taegeukdo walihamia hapo mwaka 1955, wakaishi kwa dhiki, na mwaka 2009 ulianza mradi wa sanaa uliopaka kuta rangi na kuweka sanamu vichochoroni, hata sasa watalii wanafurika. Watu bado wanaishi mle. Zungumza kwa sauti ya chini na usipige picha madirisha ya wenyewe. Baada ya hapo vuka upande wa pili, kwenye mtaa wa Ami-dong, ambao watalii wengi hawaufikii. Katika zama za utawala wa Japani, kati ya 1910 na 1945, hapo palikuwa makaburi ya Wajapani. Wakimbizi waliokosa pa kulala walijenga vibanda juu ya makaburi yale, wakatumia mawe yenye majina ya marehemu kuwa misingi, vizingiti na ngazi. Baadhi ya mawe hayo yanaonekana hadi leo. Nilikaa kwenye ngazi moja kwa muda mrefu siku niliyoyaona mara ya kwanza, na sijapata kuona mahali panaponieleza shida ya watu kwa uwazi zaidi ya hapo.

Nenda pia kwenye Makaburi ya Umoja wa Mataifa, ambayo ni ya pekee ya aina yake duniani. Yalianzishwa mwaka 1951 na yana watu wapatao 2,300, wengi wao Waingereza na Waturuki. Kuna mfereji wa maji uliopewa jina la askari wa Australia aliyeuawa akiwa na umri wa miaka 17. Mataifa yaliyopeleka majeshi katika Vita vya Korea yalikuwa ya mabara mbalimbali, na Afrika haikukosekana: Ethiopia ilipeleka askari wa miguu na Afrika Kusini ilipeleka marubani. Ukiwa umewahi kusimama kwenye makaburi ya mashujaa pale Naliendele, walikolazwa askari wetu waliofia Msumbiji, utaingia Busan ukijua namna ya kunyamaza.

Baada ya hayo, bahari. Kisiwa cha Yeongdo kina majabali ya Taejongdae na mnara wa taa ambao historia yake inaanzia mwaka 1906, na kwenye fukwe zake za mawe utawakuta haenyeo, wanawake wazamiaji ambao asili yao ni kisiwa cha Jeju. Huzama bila mitungi ya hewa, kwa pumzi yao tu, wakitafuta kombe, majongoo bahari na pweza, na mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa haenyeo wa Jeju katika orodha ya urithi wa binadamu. Wengi wao ni wazee. Tafadhali kaa nao, nunua walichokitoa, na waulize wanavyogawana maeneo na wanavyojua msimu wa kuacha, maana wanawake wetu wanaochokoa pweza miambani wakati wa bamvua wana maswali yaleyale. Tofauti moja utaigundua siku ya kwanza: Busan maji hupanda na kushuka kwa mita moja na kidogo tu, si kama kwetu ambako bamvua huzidi mita tatu. Hakuna mwamba unaoachwa wazi mtu akatembea kwa miguu hadi mbali, kwa hiyo mwanamke wa kule hana budi kuzama.

Majira ya baridi yakiingia, vaa vizuri uende Eulsukdo, kwenye mlango wa mto Nakdong, ambao ni mrefu kuliko mito yote ya Korea Kusini. Eneo hilo lilianza kuhifadhiwa mwaka 1966 kwa ajili ya ndege wanaohama kutoka kaskazini, na utaona mabata maji weupe wa shingo ndefu wametua kwenye matete. Mwaka 1987 mto ulijengewa kizuizi ili maji ya chumvi yasipande, jambo lililowafaa wakulima na viwanda likawaumiza samaki wanaoishi maji ya mchanganyiko, na katika miaka ya karibuni milango imeanza kufunguliwa ili bahari irudi. Mtu anayefanya kazi jirani na mikoko ya mlango wa Ruvuma, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, anapaswa kulisoma jambo hilo kwa makini kuliko hekalu lolote.

Haeundae utaenda siku yoyote ya katikati ya wiki jioni, ukishatoka masomoni. Ufuko wa Gwangalli ulio jirani unanipendeza zaidi, kwa ajili ya daraja lake la kilomita 7.4 linalowashwa taa usiku. Na kwa kuwa utafika Agosti, kumbuka kwamba Agosti na Septemba ni miezi ya vimbunga upande ule. King'ora cha tahadhari kikilia kwenye simu yako, kitii, kama tulivyotii sisi tahadhari ya kimbunga Kenneth mwaka 2019.

Mhariri, salamu kutoka Kilwa. Mimi ni mwalimu wa historia. Nitahudhuria mkutano Busan kwa siku tano na nitakuwa na siku moja tu ya mapumziko. Mwenzangu mmoja ameniambia kwamba karibu na Busan kuna mji wa kale unaofanana na Kilwa Kisiwani. Je, ni kweli, na unaweza kuonekana kwa siku moja? — Mwalimu, Kilwa Masoko

Mwalimu, mji huo ni Gyeongju, nao uko mwendo wa saa moja hivi kwa basi kutoka kituo cha Nopo, mwisho wa njia ya kwanza ya treni ya Busan. Ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Silla, ambao kwa hesabu ya jadi ulidumu tangu mwaka 57 kabla ya Kristo hadi 935 baada yake. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Hekalu la Bulguksa na pango la Seokguram viliingia mwaka 1995, na maeneo ya kale ya mji wenyewe mwaka 2000.

Je, unafanana na Kilwa? Kwa macho, hapana. Kilwa ni matumbawe na chokaa, magofu yaliyoachwa na watu. Gyeongju ni mji unaoendelea kukaliwa, na katikati ya mitaa yake vimeinuka vilima vya mviringo vilivyoota nyasi, ambavyo ni makaburi ya wafalme. Watoto wanapita na baiskeli kando yake wakienda shule. Kufanana kwa kweli kumo ndani ya vilima. Wachimbuaji walipofungua kaburi kubwa la Hwangnamdaechong katika miaka ya 1970, walikuta, pamoja na taji la dhahabu, vyombo vya kioo vilivyotoka nchi za mbali za magharibi, upande wa Bahari ya Mediterania. Nilipoviona nilikumbuka papo hapo vigae vya kauri ya Kichina tunavyookota katika magofu yetu. Kioo kilisafiri kwenda mashariki, kauri ikasafiri kuja kwetu, na miji yote miwili ilikuwa ncha za biashara ambayo hakuna mtu mmoja aliyewahi kuiona yote. Wanafunzi wako wanastahili kuambiwa hivyo.

Kwa siku moja, fanya hivi. Fika asubuhi na uende Bulguksa moja kwa moja. Ujenzi wake ulianza mwaka 751, na ingawa majengo ya mbao yaliteketezwa na jeshi la Japani mwaka 1593 yakajengwa upya baadaye, ngazi na minara ya mawe ni ya kale. Katika mnara wa Seokgatap, mwaka 1966, ulipatikana msahafu wa Kibuddha uliopigwa chapa kwa vibao vya mbao, ambao ni miongoni mwa maandishi ya chapa ya kale zaidi duniani. Seokguram iko juu ya mlima uleule. Sanamu ya Buddha imeketi pangoni ikielekea bahari ya mashariki, lakini utaitazama nyuma ya kioo na hutaruhusiwa kupiga picha. Ukiwa na haraka, ruka Seokguram, usiruke jumba la makumbusho la taifa, ambalo maonyesho yake ya kudumu ni bure. Uani kwake imetundikwa kengele ya mfalme Seongdeok, iliyosubuliwa mwaka 771, yenye uzito wa karibu tani 19.

Alasiri ingia katika uwanja wa makaburi wa Daereungwon, ambako kaburi liitwalo Cheonmachong, lililochimbuliwa mwaka 1973, limeachwa wazi uingie ndani na uone jinsi chumba cha mbao kilivyofunikwa mawe, kisha udongo. Ukitoka, hatua chache tu, utaona Cheomseongdae, mnara wa mawe wa mita tisa uliojengwa karne ya 7 zama za malkia Seondeok, unaosemekana kuwa wa kuangalia nyota. Malizia jioni kwenye ziwa la Wolji, lililochimbwa mwaka 674, taa zikiwa zimewashwa.

Laiti ungekuwa na siku ya pili, ningekupeleka pwani, kwenye miamba iliyo majini mita 200 hivi kutoka ufukoni, ambayo inatajwa kuwa kaburi la mfalme Munmu. Alifariki mwaka 681, na inasimuliwa kwamba aliagiza azikwe baharini ili ageuke joka la kuilinda nchi dhidi ya maadui wanaokuja kwa majahazi. Nimesimama pale asubuhi yenye ukungu, wanawake wakiwa wamepanga vyakula vya sadaka juu ya mchanga, nikafikiri jinsi watu wa visiwani kwetu wangeielewa hofu ile ya tanga linalotokea upeoni.

Mhariri, mimi ni mama wa miaka 63 ninayeishi Lindi mjini. Binti yangu anasoma Busan na amenitumia tiketi ya kwenda kumtembelea siku kumi mwezi Januari. Magoti yananisumbua, na mimi ni Mwislamu; naogopa chakula. Je, kuna pa kwenda kwa mtu kama mimi, au nitakaa ndani tu? — Mama, Lindi

Shikamoo Mama. Hutakaa ndani, inshallah, lakini naomba kwanza umwambie binti abadilishe tarehe kama tiketi inaruhusu. Januari kule ni baridi ambayo hatuna mfano wake. Mchana joto halifiki nyuzi kumi siku nyingi, na usiku maji huganda. Nenda mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, maua ya cheri yanapochanua, au Oktoba, ambapo mbingu ni safi na hewa haichomi.

Kuhusu magoti, hekalu la Haedong Yonggungsa, lililojengwa juu ya miamba ya bahari, kila mtu atakusifia, nalo ni zuri kweli, lakini lina ngazi 108 za kushuka na hizohizo 108 za kupanda. Liache. Badala yake, panda treni ndogo ya pwani inayotoka Mipo, mwisho wa ufuko wa Haeundae, hadi Songjeong. Ilianza mwaka 2020 juu ya reli ya zamani, mwendo wa kilomita 4.8, na viti vyake vyote vinaelekea baharini. Kule Taejongdae pia kuna gari la mfano wa treni linalozunguka majabali, na Songdo, ufuko wa kwanza wa umma nchini Korea, uliofunguliwa mwaka 1913, una vibanda vinavyopita angani kwa waya juu ya maji.

Swala isikutie shaka. Msikiti wa Al-Fatah upo Busan tangu mwaka 1980, karibu na kituo cha Dusil, njia ya kwanza. Vituo vinne kabla ya hapo ni Oncheonjang, mtaa wa chemchemi za maji ya moto ambazo watu wamezitumia tangu enzi za Silla, na pale kuna bwawa la wazi la kuogeshea miguu, bure. Binti athibitishe siku linapofunguliwa, kwa kuwa lina siku za kupumzika. Ukitoka swala ya Ijumaa, ukakaa pale na miguu majini pamoja na bibi wa Kikorea wa rika lako, magoti yatakushukuru. Mabafu makubwa ya ndani, hata hivyo, watu huingia uchi kabisa, wanawake kwa wanawake. Nakwambia mapema ili usishtuke mlangoni.

Chakula kinahitaji neno moja tu: «dwaeji», yaani nguruwe. Mchuzi maarufu wa Busan ni dwaeji gukbap, na mabango yake yako kila kona. Mwombe binti akuandikie neno hilo kwa herufi zao kwenye kadi, pamoja na sentensi ya kuuliza kama limo katika chakula. Samaki wa kuchoma, wali na mboga vitakutosha. Na usikose supu ya mwani, miyeokguk, ambayo kila mwanamke wa kule hunyweshwa akijifungua na ambayo watu huinywa siku ya kuzaliwa kwao. Sisi tunaulima mwani katika pwani hii, tunaukausha na kuupakia magunia uende ng'ambo, wala hatuuli; utakapouona bakulini na vipande vya kombe, onja. Ulizia tu kama mchuzi ni wa nyama ya ng'ombe, kwa sababu mara nyingi ndivyo unavyopikwa, na nyama hiyo haikuchinjwa kwa utaratibu wetu.

Ndugu Mhariri, nimesikia redioni kwamba Korea nako kuna dinosaria. Sisi wa Lindi tuna Tendaguru, kilima ambako mifupa yao ilichimbuliwa. Mdogo wangu yuko Busan. Je, anaweza kwenda kuwaona? — Msomaji, Mipingo, Lindi

Anaweza, na ningependa sana aende. Mwambie apande basi katika kituo cha magharibi cha Busan, kilichoko Sasang, hadi Goseong, mwendo wa saa moja na nusu hivi, kisha achukue basi la wilaya hadi Sangjogam. Awe mwangalifu anaponunua tiketi, kwa kuwa kuna Goseong nyingine mbali sana, kaskazini-mashariki, karibu na mpaka. Anayoitaka ni ya mkoa wa Gyeongsang Kusini.

Pale hatakuta mifupa. Kuna nyayo. Kwenye miamba bapa ya ufukoni, ambayo zamani za kale ilikuwa tope la kando ya ziwa, wameacha alama dinosaria wakubwa wa miguu minne, wengine wa miguu miwili, na hata ndege, yapata miaka milioni 100 iliyopita. Wanyama wa Tendaguru ni wa kale zaidi, kama miaka milioni 150. Nyayo za Sangjogam ziligunduliwa mwaka 1982, zikalindwa kisheria kama urithi wa asili mwaka 1999, na jumba la makumbusho likafunguliwa juu ya kilima mwaka 2004.

Wewe wa Mipingo unajua historia yetu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua zaidi ya tani 200 za mifupa Tendaguru, na wapagazi wetu wakaibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mafundi walioitambua na kuifunga kwa plasta walikuwa watu wa huku, wakiongozwa na Boheti bin Amrani, na kiunzi kilichosimamishwa Berlin kina kimo cha zaidi ya mita 13. Mtoto wa Lindi anayetaka kukiona anahitaji viza. Kule Goseong, nilimwona mwalimu akiwa na watoto wa darasa la pili. Kila mmoja alivua kiatu, akaweka mguu wake mdogo ndani ya unyayo wa jiwe, wakapimana. Nilitamani, na ninatamani bado, watoto wa Mipingo wapate kitu cha namna hiyo pale mlimani kwao, walau kibanda chenye mfupa mmoja halisi na jina la Boheti ukutani.

Mdogo wako aangalie jedwali la maji kabla ya kusafiri. Nyayo nyingi hufunikwa maji yakijaa, na walinzi hufunga njia ya miambani. Afike yakiwa yanakupwa, avae viatu visivyoteleza, na awahi kurudi kituoni, kwa sababu mabasi ya wilaya ni machache.